Siku Mutinda Aliposhika Rungu

Jumapili, mwezi wa saba, 2007. Noonkopir, Kitengela.

Baridi ya leo ni ya kugonganisha meno. Tangu asubuhi jua halijachungulia hata mara moja, na upepo wa kutoka nyanda za Athi unapita chini ya mlango wa saiba na kunipuliza miguu. Nimevaa soksi mbili mbili na koti la marehemu baba, na bado nacheka peke yangu. Mteja mmoja ameniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Sijashinda kitu. Ni kichwa tu kimenivimba kwa sababu ya ndugu yangu, na sitaki kinywee kabla sijaandika.

Kwa anayesoma blogu hii mara ya kwanza, mimi ni Mueni, ingawa mtaani ni Mama Ndunge. Niko na saiba ndogo ya kompyuta nne, moja ikiwa mgonjwa wa kudumu, na mashine ya fotokopi. Watu huja kuchapa barua za kuomba kazi na kuwaandikia jamaa walio ng'ambo. Ila tangu mwaka jana wengi wamekuwa wakija kwa sababu ya gazeti. Mimi hununua moja kila siku na kuliacha kwenye benchi, nikidhani ni ukarimu. Gazeti la bure limenijazia duka wanaume wasio na haja ya kompyuta.

Na gazeti ni Iraq kila siku. Bomu limelipuka huku, Marekani imeongeza askari kule, wakubwa wao wanavutana kama majeshi yarudi nyumbani au yabaki mpaka demokrasia isimame kwa miguu yake. Basi na benchi langu likaanza kuvutana. Kuna siku mama mmoja aliingia kufotokopi cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akakuta watu sita wamesimama wakipiga kelele kuhusu Baghdad, akarudi zake akidhani kuna mtu ameibiwa.

Anayeongoza kelele hizo ni Baba Sein. Ni mfanyabiashara wa ng'ombe, Mmaasai aliyezaliwa hapahapa kabla Kitengela haijakatwa ploti, na sauti yake inavuka barabara ya Namanga bila kuangalia magari. Hutembea na rungu kwapani na simu shingoni. Anayemjibu ni Sista Wanza, nesi wa zahanati, Mkamba mwenzangu, mwanamke mfupi asiyeogopa mtu aliyevaa suruali.

Nikachoka. Nikawaambia, kama mnataka mdahalo, fanyeni mdahalo wa watu wazima. Jumamosi, ukumbi wa kanisa, saa nane mchana. Pande mbili, dakika tano tano, kengele na kura. Mimi nitakuwa mwenyekiti. Mwalimu Wambua, ambaye alistaafu ualimu lakini ualimu haujamstaafu yeye, akakubali kushika saa.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo ninaionea aibu.

Kila upande ulihitaji wasemaji wawili. Upande wa Wamarekani waondoke ulikuwa na Baba Sein na rafiki yake wa mnadani. Upande wa wakae ulikuwa na Sista Wanza peke yake. Nilikuwa nimekaa hapahapa nilipo sasa, nikichapa tangazo, na vidole vyangu vikaandika vyenyewe: Koplo mstaafu Mutinda, mlinda amani.

Mutinda ni mdogo wangu. Alikuwa jeshini, na miaka mitano iliyopita alirudi kutoka kulinda amani katika nchi moja ya Afrika Magharibi. Alirudi na mikono miwili na miguu miwili, tukachinja mbuzi, tukaimba. Hakuimba. Baadaye kidogo akaacha jeshi bila kutueleza kwa nini, akapata kazi ya kupakia simiti katika duka la vifaa vya ujenzi. Tangu hapo maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kiganja. Ndiyo. Hapana. Nimeshiba. Mama akimuuliza huko kulikuwaje, husema, "Kulikuwa tu sawa," na kuinuka kwenda kuangalia kuku.

Pale dukani vijana wanaopakia naye wamempa jina. Wanamwita Bubu. Nilimsikia mmoja akimwita hivyo mbele yangu, naye Mutinda akaitika.

Kwa hiyo niliandika jina lake. Nilijiambia ni kwa ajili yake, ili mtaa ujue kwamba yule mbeba simiti amevaa kofia ya buluu na kusimama mahali ambapo wao hawangesimama. Ukweli ni kwamba nilikuwa pia nataka kusikia. Miaka mitano nimekaa na swali moja kooni, nikaona tangazo litaniulizia.

Sikumuomba ruhusa.

Nilibandika matangazo kwenye bucha, kwenye lango la kanisa na kwenye posho mill. Jumanne Mama alimtuma Mutinda kusaga mahindi. Alirudi na unga, akauweka jikoni taratibu, akanitazama mpaka nikaangalia pembeni, kisha akaingia chumbani kwake. Siku nne alikula chakula chake humo ndani. Angenifokea ningejua la kufanya, maana mimi na kufoka tunafahamiana. Lakini hakusema kitu, na Mama ndiye aliyesema kwa niaba yake. Aliniambia nimemvua mwanawe nguo barabarani.

Nilikwenda kubandua matangazo. Kwenye posho mill lilikuwa limeshabanduliwa, na kila mtu alikuwa ameshasoma.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa hata nikaogopa. Wamaasai walikaa safu mbili za kushoto na shuka zao na marungu yao, wengine wametoka Isinya kwa sababu Baba Sein aliwaambia kuna mkutano. Kulia walikaa watu wetu wa kanisa, mafundi, wasichana wa kiwandani waliokuwa na nusu siku ya mapumziko. Mwalimu Wambua alikuwa ameazima kengele ya watoto wa Sunday school na kuiweka juu ya kitambaa cheupe. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, aliingia Mama akiwa amemshika mkono mtu mrefu mwenye vumbi la simiti kwenye nyusi.

Amekuja. Sikujua kama amekuja kusema au amekuja kunitazama nikiaibika, na vyovyote vile nilistahili.

Baba Sein alifungua. Alisimama, akachukua rungu lake mkononi, akasonga mbele hatua tatu.

"Supa!" akatusalimia kwa Kimaasai.

"Ipa!" safu za kushoto zikajibu, na kwa kuchelewa kidogo hata sisi wa kulia.

Akaanza. Akasema hivi: fisi ameingia kwa boma ya jirani yako. Unavunja ua, unaingia, unafukuza fisi. Vizuri. Sasa fisi imeenda. Wewe bado unafanya nini huko ndani? "Unakunywa maziwa yake? Unamwonyesha vile analala na bibi yake? Toka! Tengeneza ile ua ulivunja, halafu toka. Demokrasia gani inaletwa na mtu amekalia kitanda yako na bunduki?"

Watu wakacheka na kupiga makofi. Dakika tano zikaisha. Mwalimu Wambua akapiga kengele.

Baba Sein akaendelea. Mwalimu akapiga tena, mara hii kwa ukali. Baba Sein akaendelea, sasa yuko kwa mafuta na bei yake. Kengele ya tatu ililia mpaka mtoto mmoja akaanza kulia nayo. Ndipo akanyamaza, akageuka polepole.

"Mwalimu. Hiyo kengele inaita nani?"

"Wakati wako umekwisha, Baba Sein. Kaa chini."

"Mimi niko na rungu kwa mkono. Huoni? Mtu akiwa na rungu anaongea mpaka atosheke. Kengele ni ya ng'ombe, ile inatangulia wengine. Unanipigia kengele mimi, baba ya watoto saba?"

Safu za kushoto zikanguruma. Wengine walikuwa wamekasirika kweli. Kwao, nilivyoelewa jana, mtu anayesimama na rungu mbele ya mkutano hakatizwi. Unaweza kumpinga ukipata zamu yako, unaweza kumpinga mpaka ashindwe, lakini humkatizi. Nasi tulikuwa tumemkatiza kwa kengele ya watoto wa Sunday school. Nilisimama nikamwomba radhi, nikampa dakika nyingine mbili, na Mwalimu Wambua akanitazama kama mwanafunzi aliyemwangusha.

Sista Wanza alijibu, na alijibu vizuri. Akasema yeye hakupenda vita ile tangu mwanzo, na anayesema waliingia kwa uongo hatabishana naye. "Lakini mgonjwa ameshapasuliwa. Yuko juu ya meza, tumbo liko wazi. Hata kama daktari hakuitwa, hata kama alipasua mahali si penyewe, utamwambia avue glovu aende nyumbani? Anashona kwanza. Wakiondoka kesho, wale wenye bunduki ndio watapiga kura, na wataipiga kwa risasi."

Makofi tena, na haya yalikuwa mazito. Rafiki wa Baba Sein akasimama kusema yake, ambayo ilikuwa ileile ya Baba Sein bila fisi. Kisha msichana mmoja wa kiwandani akainua mkono. Akasema, "Niko na swali. Kuna mtu ameuliza wenyewe? Hao watu wa Iraq, wao wanasema aje?"

Ukumbi mzima ukaangaliana. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Mimi mwenyewe ninayeuza intaneti kwa dakika sikuwahi kutafuta.

Halafu karatasi yangu ikanionyesha jina lililobaki.

Nilikuwa nimeandaa uongo. Ningesema Koplo Mutinda ana homa. Uongo wenyewe ulikuwa mwepesi, ila mwenye homa alikuwa amekaa pale mlangoni akinitazama. Nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba jina lililokuwa kwenye tangazo niliandika mimi. Kwamba mwenyewe sikumuuliza. Kwamba nilitaka mtaa umheshimu, na katika kutaka hivyo nikasahau kumheshimu mimi. Nikasema, "Ndugu yangu, nisamehe. Huna deni la maneno kwa mtu yeyote humu ndani."

Sikupanga kulia, na mwenyekiti hapaswi kulia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikafungua kinywa kutangaza kura. Nikaona watu wanageuka nyuma.

Mutinda alikuwa amesimama.

Alitembea katikati ya safu taratibu, akafika mbele, akageuka kututazama. Akasafisha koo. Akasema, "Mimi naitwa Mutinda." Halafu basi. Mikono yake haikujua pa kukaa, ikaingia mfukoni, ikatoka, ikashika mshono wa suruali. Nilisikia vijana wawili wa dukani kwao wakicheka puani. Mwalimu Wambua alikuwa anaangalia saa. Nilimwonyesha kwa macho asithubutu, lakini Mwalimu akiwa kazini haoni macho ya mtu. Dakika moja, mbili. Mutinda alisema tena, "Mimi nilikuwa huko," na maneno yakakauka tena. Zilipofika tano, Mwalimu akanyanyua kengele akapiga.

Mutinda akainamisha kichwa na kuanza kurudi nyuma.

"Wewe! Ngoja!"

Ni Baba Sein. Amesimama, uso umemvimba kwa hasira, na hasira zote ni za kengele. Alimfuata Mutinda kwa hatua ndefu, akachukua rungu lake na kulipachika kwenye mkono wa ndugu yangu, akamfunga vidole kimoja kimoja juu yake.

"Shika hiyo. Ukiwa nayo hakuna mtu anakupigia kengele. Akipiga tena naenda kuifunga kwa ng'ombe yangu." Kisha akarudi kukaa, na alipita mbele ya Mwalimu Wambua bila kumwangalia.

Naomba ieleweke kwamba Baba Sein alikuwa wa upande wa waondoke, na Mutinda alikuwa wa wakae. Alimpa mpinzani wake rungu lake mwenyewe.

Mutinda alilitazama. Akalipima uzito. Na akanyamaza tena, muda mrefu kuliko mara ya kwanza, ila safari hii ulikuwa ukimya mwingine. Safu za kushoto zilitulia kabisa. Hakuna aliyekohoa wala kucheza na simu. Walikuwa wakisubiri kwa sababu mtu ana rungu na hajatosheka, na kwa kuwaona wao hata watu wetu wa kulia wakajifunza kusubiri. Vijana wa dukani waliacha kucheka.

Kisha akaanza kusema, akiwa anaongea na rungu zaidi kuliko nasi.

Alisema walikaa katika kijiji kimoja miezi minane. Kulikuwa na mama mmoja jirani na kambi, jina lake Hawa, mwenye kisima. Alimruhusu achote maji. Kila asubuhi alipokwenda na mtungi, Mama Hawa alimuuliza swali moja tu, mtaondoka lini. Naye alimjibu neno moja tu, tuko. Waliendelea hivyo miezi yote, ikawa ndiyo salamu yao.

Ikafika siku ya kura. Yeye alilinda mlango wa shule ambayo haikuwa na paa. Mama Hawa alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amevaa nguo ya sikukuu. Alipotoka, alimwonyesha kidole chenye wino. Akakipitisha karibu na uso wa Mutinda mara mbili, kama mtu anayemwonyesha mwenzake pete.

"Nililia," akasema Mutinda. "Na bunduki iko hapa. Askari analia mlangoni."

Hakuna aliyecheka.

"Siku chache baadaye tukaambiwa tufunge vitu. Saa moja tu. Nyumba yake ilikuwa kama kutoka hapa mpaka kwa bucha. Watu wengi walikuwa shambani lakini yeye alikuwepo, moshi niliuona. Saa moja inatosha kwenda na kurudi mara kumi. Mimi nilikaa juu ya begi yangu. Nilijua ataniuliza, sasa nani anabaki? Na sikuwa na jibu. Kwa hivyo sikuenda. Hakuna mtu alinikataza. Ni mimi tu."

Mama, pale nyuma, alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Mimi mmeniweka upande wa wakae. Sijui kama wakae. Sijui kama waende. Mimi si msomi, na kule sisi tulikubaliwa tuingie, hao wengine Baba Sein anasema kweli, hawakuitwa. Lakini mkisema demokrasia haiwezekani mahali kulikuwa na vita, mimi nakataa. Nimeiona. Na si sisi tuliileta. Sisi tulisimama tu kwa mlango. Ile kura ilikuwa yao, walitoka nayo nyumbani. Na mwenye ataondoka, siku yoyote ile, aende kwa mlango ya watu awaambie anaenda. Awaambie ukweli ni nani anabaki. Asitoroke kama mimi."

Akamrudishia Baba Sein rungu kwa mikono miwili. "Nimetosheka," akasema.

Sijui ukumbi ulipiga makofi kwa muda gani. Baba Sein alisema "Ashe oleng", asante sana, mara tatu, na alipoona hiyo haimtoshi akamkumbatia, shuka na vumbi la simiti na yote. Mmoja wa wale vijana wa dukani alikuja kumsalimia Mutinda kwa kuinama kidogo, kama anavyosalimiwa mtu mkubwa. Na mimi, Mueni binti wa mama yangu, nilisimama mbele ya watu na makamasi, na sikuwahi kujivunia mtu hivyo maishani mwangu. Wala siku niliyojifungua Ndunge.

Mwalimu Wambua, Mungu ambariki, bado alitaka kura. Sheria ni sheria. Akasema wanaotaka majeshi yaondoke wainue mikono. Safu za kushoto hazikuinua hata kidole. Nikamuuliza Baba Sein kulikoni, si huu ni upande wake? Akaniambia maneno bado hayajaisha, na kwao watu hawahesabiani mikono kabla maneno hayajaisha, maana walioshindwa watarudi nyumbani na maneno tumboni. Sista Wanza akasema hata yeye haoni haja ya kuhesabu leo. Mwalimu akaandika kwenye daftari lake kwamba hoja haijaamuliwa, akapiga mstari chini kwa rula.

Wakati natembea kwenda nyumbani nilikuwa nawaza kwa kiburi, na ninakubali kwamba ni kiburi. Miaka mitano iliyopita sisi tulibadilisha serikali kwa karatasi, bila askari wa nje hata mmoja mlangoni. Na jana, katika ukumbi wa mabati hapa Noonkopir, Mmaasai alimpa Mkamba rungu lake ili ampinge. Nilitaka kuwapigia simu hao wakubwa wa Marekani waje waone. Mwezi wa Desemba tunapiga kura tena, na nina hakika kabisa na nchi hii.

Au tuseme, karibu kabisa. Nje ya ukumbi niliwakuta wawili wakibishana kuhusu wagombea wetu wenyewe, na hao hawakusubiriana zamu. Nimejiuliza kwa nini tulikuwa wapole vile kuhusu nchi ya mbali.

Turudi kwa Mutinda. Jana jioni alikula nasi mezani. Nilikuwa nimejionya nisimuulize chochote, nikajaza mdomo mahindi ya muthokoi ili usinisaliti. Mama ndiye aliyeuliza, baada ya miaka mitano, na hakuuliza kuhusu vita.

"Huyo Hawa ana watoto wangapi?"

"Wanne," akasema Mutinda. Kisha akawataja majina, wote wanne, na kwamba wa tatu alikuwa mtundu na alimwibia kofia mara mbili, na kwamba mama yao alipika mihogo kwa namna ambayo sisi Wakamba hatuijui. Mama akataka kujua namna gani. Akaelezwa. Akabisha. Wakabishana kuhusu mihogo mpaka chai ikapoa, na mimi nikawa nakwenda jikoni kila mara kuangalia chungu kisicho na kitu, ili nilie vizuri.

Nilimwomba tena msamaha alipokuwa akiinuka. Akaniita "mwiitu wa mwaitu", binti wa mama yangu, ambavyo hajaniita tangu avae sare. Akasema nilikosea. Akasema pia nisirudie. Basi, hapo yakaisha, na nimekubali adhabu ndogo hiyo ingawa nilistahili kubwa.

Leo baada ya ibada ameingia hapa saiba. Hajawahi kukanyaga. Amekaa kwenye kompyuta ya pili, akaniuliza jinsi ya kupata nafasi kati ya maneno, kisha akaanza kuchapa kwa vidole viwili. Saa nzima na zaidi. Nimejifanya napanga karatasi. Anamwandikia Mama Hawa kupitia padri wa parokia ya kule, jina la parokia analikumbuka, ili padri aipeleke barua kwa mama mwenye kisima karibu na ile shule, na amsomee kama hajui kusoma.

Nilimwambia huenda padri amehama. Huenda hata yule mama hayuko tena. Ameniambia anajua.

Ameichapa, ukurasa mmoja tu. Amenipa niisome, na nimesoma mstari wa kwanza tu kisha nikamrudishia kwa sababu iliyobaki si yangu. Mstari huo unasema: Mama Hawa, naondoka.

Bahasha ameshaiandika kwa kalamu, herufi kubwa. Kesho posta inafunguliwa saa mbili, na ameniambia nisimcheleweshe.